Wageni Waliolala kwa Wifi

Mwanasiti binti Athman alizaliwa Kipini, akaolewa juu mtoni karibu na Garsen, na huko akaishi mpaka nywele zikawa nyeupe. Wapo wanaosema alikuwa na maringo ya mjini. Hao hawakumjua. Alikuwa mtu wa usafi, na usafi wake ulikuwa na bidii ya kuwachosha hata waliokaa kumtazama, lakini maringo hakuwa nayo. Na kwa kuwa habari ya wageni waliokimbia nyumba yake imesimuliwa vibaya na watu wasiokuwepo, ni vyema isimuliwe ilivyokuwa.

Aliolewa mwaka ule Mjerumani alipoondoka Witu na Mwingereza akashika nafasi yake. Baba yake alikuwa mwalimu wa chuo, akamsomesha mpaka akahitimu Kurani kabla ya kaka zake. Mumewe, Kassim bin Tuneya, alikuwa Mpokomo mkulima wa mpunga na ndizi. Aliteremka Kipini na mtumbwi wa mpunga, akauza mpunga, akamwona binti wa mwalimu akimwaga maji uani, akarudi kwao bila chumvi aliyotumwa. Safari iliyofuata aliposa.

Nyumba aliyopelekwa ilikuwa ya baba mkwe wake, Mzee Tuneya, nayo haikuwa nyumba ya hivi hivi. Ilisimama pale ambapo malka, ile njia ya ng'ombe kuteremkia mtoni wakati wa kiangazi, inapogusa kijiji. Tangu enzi za babu yake Tuneya, Waorma wa ukoo wa Halkano waliposhuka na mifugo yao kutoka bara, waliegemeza fimbo zao kwenye mlango ule na si mwingine. Walilala pale, wakala wali na ndizi za pale, nao wakatoa maziwa na samli. Ukame ulipokausha mashamba, nyumba ya Tuneya ilikunywa maziwa. Ukame ulipomaliza ng'ombe, watoto wa Halkano walilishwa na Tuneya. Urafiki huo haukuandikwa popote. Uliishi kwa wageni kuja na kulala, basi.

Mkewe Tuneya alifariki masika yaliyotangulia harusi. Hivyo bibi arusi alilikuta jiko halina mwenyewe, wala mtu wa kumwonyesha namna nyumba ile ilivyozoea kuwatunza watu wake. Alikuwepo wifi yake, Mwanasha, dada yake Kassim, aliyeolewa ua wa jirani. Lakini wifi ni wifi.

Kiangazi cha kwanza vumbi likaonekana upande wa bara, na Mzee Tuneya akaingia ndani kuvaa shuka safi.

"Wamefika," akasema akitoka. "Mwanangu, leo utawajua watu wetu."

Halkano alikuwa mtu mrefu asiye na haraka, na Kiswahili chake alikiokota njiani. Mkewe, Darmi, alikuwa na sauti ya chini na macho ya kucheka. Mgongoni alibeba kibuyu cha maziwa kilichofungwa kwa mikanda ya ngozi yenye simbi. Akakivua, akampa Mwanasiti kwa mikono miwili.

"Hii ya wewe," akasema. "Maziwa ya ng'ombe mweupe."

"Ahsante, dada. Karibuni nyumbani kwenu."

Walikula, wakazungumza, wakalala. Samaki hakupikwa siku hiyo, kwa maana Kassim alimwonya mapema kwamba watu hawa hata harufu ya samaki huwatoa ndani. Mwanasiti alifurahi kuonywa. Alitaka kufanya kila jambo sawasawa.

Asubuhi alipoyamimina maziwa chunguni, akachungulia ndani ya kibuyu. Kilikuwa cheusi tititi. Akakinusa, kikanuka moshi. Akaingiza kidole, kikatoka na weusi. Akamfikiria mama yake huko Kipini, ambaye asingemrudishia chombo cha namna ile hata mtu aliyemtukana.

Mtoni kwao maji hayatekwi ovyo. Mamba wapo, na wanawake huteka kwa kata yenye mpini mrefu, wakiwa nyuma ya ua wa miti iliyochomekwa majini. Mwanasiti alirudi pale mara nyingi asubuhi ile. Alisugua kibuyu kwa mchanga, akasugua kwa makumbi ya nazi aliyokuja nayo kutoka kwao, akasuuza, akasugua tena, mpaka maji yakatoka meupe. Akakianika juani. Mwisho akatia matone ya marashi, akakitikisa. Kikawa cha rangi ya mchanga, kinanukia kama chumba cha fungate.

Darmi alipokabidhiwa, alikitazama kwa ndani muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kutazama kibuyu kitupu. Kisha akatabasamu, midomo imefumba.

"Umefanya kazi," akasema.

"Si kitu, dada."

Na Mwanasiti akashinda siku ile na furaha moyoni.

Safari ya pili Darmi alikuja na kibuyu kingine, kizee, chenye ufa uliozibwa kwa nta, cheusi kuliko kile cha kwanza. Mwanasiti alikionea huruma. Alikisugua kwa bidii iliyozidi, akaongeza marashi, akapewa tabasamu lile lile.

Safari ya tatu Halkano na jamaa zake walipita mlangoni, wakamwamkia Mzee Tuneya kwa heshima zote, wakatafuna naye buni zilizokaangwa kwa samli, wakauliza habari za mpunga. Jua lilipoanza kuinama Halkano akasimama.

"Baba Tuneya, sisi tutalala kwa Mwanasha. Ng'ombe iko upande ile."

Ng'ombe hawakuwa upande ule. Mtu yeyote mwenye masikio aliwasikia upande huu. Lakini Mzee Tuneya aliitikia, "Vyema, mwanangu," kama mtu aliyeombwa moto wa kuwashia kiko, na wageni wakachukua fimbo zao.

Ikawa hivyo safari ile, na iliyofuata, na iliyofuata tena. Hawakugombana na mtu. Walileta samli kama kawaida, katika mfuko wa ngozi, wakapokea mchele wao. Ila kulala, walikwenda kwingine. Kijijini watu wakaanza kusema kwamba nyumba ya Tuneya imepoa. Walisema polepole, ila kijiji ni kidogo.

Mzee Tuneya alikuwa na kigoda chake alichokalia nje ya mlango, uso kuelekea malka, tangu ujana wake. Siku moja Mwanasiti akakikuta kigoda ndani, karibu na jiko, na mzee amekikalia akisuka kamba bila haja ya kamba.

"Baba, nje kuna upepo mzuri."

"Macho yangu hayapendi jua siku hizi."

Mwanasiti akatoka nje, akasimama pale pasipo na kigoda. Hapo ndipo alipoelewa kilichokuwa kikiondoka. Nyumba hii ilikuwa na jina kabla hajazaliwa, nalo lilikuwa likifia mikononi mwake, na hakujua amelifanyia nini.

"Nambie wewe," akamwuliza Kassim. "Ni jambo gani linawaudhi?"

"Mimi nitajuaje? Hawasemi."

"Uliwauliza idadi ya ng'ombe wao. Nilikusikia."

"Niliuliza kwa wema."

"Mwenye ng'ombe haulizwi idadi. Hata mimi wa mjini nalijua hilo."

Kassim akaahidi kutouliza tena, akatimiza, na wageni wakalala kwa Mwanasha. Mwanasiti akafikiri labda ni kitanda, akamwambia Kassim asuke kipya kirefu, kwa kuwa miguu ya Halkano ilining'inia. Labda ni jogoo, mkorofi yule aliyewika mlangoni mwa wageni kabla ya wakati. Jogoo akachinjwa, akaliwa. Labda alikuwa akiwashindilia chakula mno, mgeni amekwisha kushiba naye bado anapakua. Akajizuia, ingawa mkono uliuma kwa kutopakua. Safari moja, kwa kuwa walikubali kupumzika adhuhuri, akafukiza udi katika chumba cha wageni mpaka ukuta hauonekani. Halkano aliingia, akapiga chafya, akatoka akisema anakwenda kuwatazama ng'ombe. Akawatazama hadi alasiri.

Mwishowe akajitia shughuli ya kuazima chekeche ili apate kuiona nyumba ya wifi yake wageni wakiwamo. Aliyoyaona yalimduwaza. Kuku alikuwa amelala juu ya mkeka wa wageni. Majivu hayakuzolewa. Vyungu vya jana vilikuwa vya jana. Na katikati ya hayo Darmi ameketi, miguu ameinyoosha, anacheka mpaka machozi, kibuyu chake cheusi kimening'inia ukutani kama kiko kwao.

"Karibu, wifi," Mwanasha akasema. "Angalia usikanyage kifaranga. Au umekuja kutufagilia?"

"Nimekuja kuazima chekeche."

"Lipo. Halijaoshwa, lakini lipo."

Darmi alimwamkia Mwanasiti vizuri, akamshika mikono yote miwili, akauliza habari za mzee. Lakini macho yake yalimtoka Mwanasiti, yakaenda kwenye kibuyu ukutani, yakarudi. Mwanasiti aliliona hilo na asijue maana yake. Alirudi kwake na chekeche, akaliosha, akaketi.

Kabla ya masika ukaja ujumbe: Molu, mtoto wa Halkano, anaoa. Nyumba ya Tuneya imealikwa kambini, huko bara. Mzee hakuweza safari.

"Kassim atakwenda," akasema, "nawe mwanangu utakwenda naye. Sijui wametuona na kosa gani. Lakini nyumba yangu haitasemwa kwamba iliitwa ikakaa."

Mwanasiti alifungasha mchele, sukari guru, na kisutu chake, nguo ya kujifunga. Kisutu kile mama yake alimfunga kwa mikono yake siku ya harusi. Chekundu na cheusi juu ya weupe, alikuwa akikihifadhi na vipande vya udi, na kwa safari ile alikikaza kwa maji ya wali mpaka kikasimama chenyewe. Alitaka Waorma wote wamwone mke wa nyumba ya Tuneya alivyo.

Walitembea kutwa katika nyanda, nyasi zimekatika kwa ukavu, mbuni wakiwakimbia kwa mbali. Walipofika kambini, kwenye vibanda vya duara vilivyofunikwa mikeka, Darmi alimpokea kwa namna ambayo Mwanasiti hakuisahau. Alimtoa mzigo kichwani kabla hajaomba. Akamwongoza nyuma ya vichaka bila kuulizwa, akamwonyesha mahali pa wanawake, akageuka akatazama upande mwingine. Mwanasiti, ambaye tangu adhuhuri hakuwa na raha ya jambo hilo wala namna ya kulitamka, alijisemea moyoni: huyu anajua kukaribisha.

Mengine yalikuwa magumu. Alipewa maziwa, nayo yalikuwa na ladha ya moshi hata machozi yakamlenga, na mbele yake wanawake wameketi kumtazama akimeza. Akaomba maji ya kusukutua, akaletewa maziwa zaidi. Wakamshika nywele, wakamgeuza viganja kuona hina, wakazungumza juu yake wakicheka, naye akicheka pamoja nao bila kujua anacheka nini. Kila alipoinuka kusaidia, akakalishwa. Alikalishwa pahali pa heshima, karibu na ndama, na ndama mmoja akamlamba kisogoni jioni nzima. Tabu ya ugeni, aliona, ni kwamba huna pa kuuweka uso wako. Kila mtu anakutendea wema, nawe huwezi kujificha hata kidogo.

Siku ya harusi yenyewe aliamka akatafuta kisutu chake juu ya mzigo, hakukiona. Akatoka nje. Darmi alikuwa ameketi mlangoni, kisutu mapajani, mikono inang'aa.

"Umeamka," Darmi akasema kwa furaha. "Njoo ona. Hii nguo yako ilikuwa inalia. Imekauka kama ngozi imesahauliwa juani. Nikasema, mgeni wangu, safari ndefu, nguo imekufa. Mimi nimempa samli. Samli mzuri, na unga wa magome. Sasa laini. Shika."

Mwanasiti akashika. Kisutu cha mama yake kilikuwa laini kweli. Kilikuwa kizito, kinateleza, weupe wake umegeuka rangi ya mtama, na udi wote umemezwa na harufu ya ng'ombe. Darmi alikuwa amekisugua uzi kwa uzi. Kazi ile ilianza alfajiri. Mikono ya mtu hailowi samli vile kwa kazi ya muda mfupi.

Mwanasiti akakitazama kisutu muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika. Kisha akahisi midomo yake ikifumba, ikajivuta pembeni, ikawa tabasamu.

"Umefanya kazi, dada," akasema.

Na papo hapo, akiwa bado ametabasamu, akalijua tabasamu lile. Alikuwa amelipokea mwenyewe, mlangoni kwake, zaidi ya mara moja, akalichukua kuwa ni shukrani.

Akageuza macho ndani ya kibanda. Vibuyu vya Darmi vilikuwa vimetundikwa kwa mpango, vyote vyeusi, vinameremeta, midomo imefunikwa. Kimoja kilikuwa chini, peke yake, karibu na miguu ya kitanda. Kilikuwa cha rangi ya mchanga, na simbi za mikanda yake alizitambua.

"Darmi," akasema, "kile pale kimekaa peke yake kwa nini?"

Darmi akaangalia ng'ombe. "Hicho cha chumvi."

"Zamani kilikuwa cha maziwa."

"Zamani."

"Ndicho nilichokiosha mimi."

Darmi akaendelea kuangalia ng'ombe. Kwa watu wake, aibu ya kumwambia mwenyeji kosa lake ni kubwa kuliko kosa lenyewe. Na sasa Mwanasiti ndiye mgeni, aibu ikawa kubwa zaidi.

"Alikupa nani?"

"Mama. Siku mimi naolewa. Yeye aliweka moshi miaka mingi kabla mimi kuzaliwa. Moshi unakaa juu ya moshi. Halafu maziwa haiharibiki."

Mwanasiti akakaa chini karibu naye, kisutu mapajani.

"Hiki pia nilipewa na mama," akasema. "Siku naolewa."

Darmi akatazama kisutu. Akatazama vidole vyake vyenye samli. Akatazama kile kibuyu cha chumvi, akarudi kwenye kisutu, na polepole mkono ukapanda ukafunika mdomo.

"Haipakwi?"

"Haipakwi."

"Na hii haioshwi."

"Sasa najua." Mwanasiti akakunja kisutu, na samli ikamkamata vidole. "Basi mimi nimekuosha, wewe umenipaka. Hatudaiani."

Kwanza Darmi alitoa sauti kama ya kupaliwa. Halafu akacheka, akainama, akacheka mpaka wanawake wa vibanda vingine wakaja kuuliza ni nini, na alipowaeleza kwa lugha yao wakaanza na wao.

"Ile harufu ya maua," akasema akijifuta machozi. "Nilitia maziwa ndani, Halkano akanywa. Akaniuliza, leo ng'ombe amekula nini? Akasema, huyu ng'ombe anataka kuolewa."

"Na safari ya pili?"

"Safari ya pili nilileta mbovu."

"Nami nikakisugua zaidi."

"Nikaona. Nikasema, huyu mwanamke hachoki. Nikamwambia Halkano, twende kwa Mwanasha. Yule haoshi kitu."

Mwanasiti alicheka kwa hilo kuliko kwa mengine yote. Kisha akainuka, akaenda akakichukua kile kibuyu cha chumvi, akarudi nacho mlangoni, akamwaga chumvi yake juu ya jani.

"Nifundishe," akasema.

Hawakuwa na nafasi nyingi, kwa maana kulikuwa na harusi. Lakini Darmi alileta kijiti cha mti wanaoutumia, kikiwa kaa jekundu kwenye ncha, akamwonyesha namna ya kukisukuma ndani ya kibuyu, kukizungusha pande zote, kuziba mdomo moshi usitoroke, kufungua, na kurudia. Moshi ulimwingia Mwanasiti machoni, puani, na katika zile nywele alizozisuka kwa siku hiyo. Walipochungulia ndani, ile rangi ya mchanga ilikuwa imepata kivuli chepesi cha hudhurungi.

"Kidogo," Darmi akasema. "Itachukua siku nyingi. Lakini imeanza."

"Na mkija mtoni, mtalala kwa nani?"

"Kwa mtu haoshi."

"Sitaosha."

Darmi akampima kwa macho yake ya kucheka. "Tutaona," akasema.

Mwanasiti alikwenda harusini amejifunga kisutu kile kile, na walipokuwa njiani kurudi, mvua ya kwanza ya masika ikawakuta nyandani. Kassim alilowa mpaka mifupa. Maji yalimteleza Mwanasiti juu ya samli, yakaanguka chini, naye akabaki mkavu.

"Naona nimeoa mwavuli," Kassim akasema.

"Tembea, bwana. Mwavuli haujibu."

Alipofika hakwenda kwake kwanza. Alikwenda ua wa jirani.

"Wifi, ulijua habari ya vibuyu."

Mwanasha alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Nilijua. Mama yetu alinifundisha kabla sijajua kutembea vizuri."

"Hukuniambia."

"Ungenisikia? Juma lile ulipofika ulinifundisha kufagia. Nyumbani kwangu. Ufagio wangu."

Ilikuwa kweli. Mwanasiti akaketi kwenye mkeka bila kuukung'uta, akavuta upande wa ungo, na wakachambua pamoja mpaka mchele ukaisha. Tangu siku hiyo hapakuwa na neno baya baina ya wanawake wale wawili, na anayesema lilikuwepo amelitunga.

Nyumbani akamwambia Kassim apigilie mambo ya mti mgumu, kigingi cha kutundikia vitu, ukutani, kando ya mlango wa chumba cha wageni. Akatoa amri, na ilikuwa amri: kitu cha mgeni kikishatundikwa pale, hakuna mkono wa nyumba hii utakaokigusa. Hakitaoshwa, hakitakunjwa, hakitahamishwa, hata kiwe na matope ya njia nzima.

Kisha wakangoja kiangazi.

Nyasi zilipokauka na vumbi likaonekana, Mzee Tuneya alikuwa ndani juu ya kigoda chake, karibu na jiko, amepata kikapu cha kutengeneza. Alisema hakusikia kitu. Ng'ombe waliteremka malka, sauti za kengele zao za mti zikapita nyuma ya nyumba, wakanywa, wakapanda. Mwanasiti alisimama uani na unga mikononi. Aliwaona Halkano na Darmi wakifika pale njia inapogawanyika, moja kwenda kwa Mwanasha, moja kuja kwake. Wakasimama. Darmi akasema neno, na Halkano akatazama miguu yake kama mtu anayefikiri juu ya kitanda kifupi.

Mwanasha alikuwa mlangoni kwake akiwaona. "Msije huku," akapaza sauti. "Leo nimefagia."

Ikasikika fimbo ikiegemezwa kwenye mwimo wa mlango wa Tuneya. Ni sauti ndogo, mti juu ya mti. Ndani kikapu kikaanguka.

"Kassim," mzee akaita. "Njoo unitolee kigoda changu nje. Kuna upepo mzuri."

Darmi aliingia, akaitazama mambo mpya ukutani, akamtazama Mwanasiti. Akavua kibuyu mgongoni. Kilikuwa kile cha simbi, na kilikuwa kimepata weusi. Si wote, lakini wa kutosha. Akakitundika. Kulikuwa na alama ya tope ubavuni mwake, alama ya kidole kizima, na Mwanasiti aliiona saa ile ile. Darmi alimwona akiiona.

Walilala pale. Asubuhi kibuyu kilikuwa mahali pake, na tope lilikuwa mahali pake.

"Ulitaka," Darmi akasema, akikishusha.

"Nilitaka sana."

"Kwa nini hukufanya?"

"Nilifagia ua. Nilifagia tena. Kassim akaninyang'anya ufagio."

Darmi akamimina maziwa, akampa kikombe cha kwanza. Yalikuwa na moshi, ule ule wa nyandani, na Mwanasiti akayanywa yote bila kusukutua, Mzee Tuneya akimsikiliza Halkano huko nje juu ya mvua, kigoda kikiwa kimeelekea malka.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Walipita kwake wachuuzi wa Lamu, wapagazi wa serikali waliokuwa wakipanda mto, mahujaji, wagonjwa, na jamaa wa kila namna, na mgeni yeyote alipata mahali pa kutundika kitu chake na kukikuta kama alivyokiacha. Mpagazi mmoja alitundika mfuko uliokuwa na papa mkavu, na Waorma wakiwamo ndani. Mwanasiti hakuugusa. Aliitoa mambo yenyewe ukutani, na mfuko ukiwa juu yake, akaipigilia nje.

Darmi alipozeeka na kuwagawia binti zake vibuyu, kimoja hakukigawa. Alikipeleka mtoni mwenyewe, safari yake ya mwisho, cheusi tititi ndani na nje, simbi zote zikiwa kamili. Kipo hadi leo katika nyumba ya wajukuu wa Tuneya, na hakuna aliyekiosha. Anayetaka kukiona na aje. Atakaribishwa, atakula, atalala, na alichokuja nacho hakitaguswa.